Waya wa Ethi

Ndoo ya plastiki ilikuwa bado chini ya sinki, na hita ya koili, ile ya kuchemshia maji, imening'inizwa ukingoni mwake. Mtu alikuwa ameizungushia ndoo utepe mwekundu kutoka mguu wa meza hadi mguu wa kiti, na ukutani kabandika karatasi yenye herufi kubwa: USIGUSE. UCHUNGUZI UNAENDELEA.

"Karatasi hii kabandika nani?" Inspekta Minza Kashindye aliuliza.

"Mimi," alijibu Dakta Leodgar Mathias. "Sikutaka ushahidi uvurugwe."

"Saa ngapi?"

"Kabla hamjafika. Polisi mlichukua saa nzima na zaidi, Inspekta."

Minza aliandika kwenye kijitabu chake: saa nzima na zaidi.

Ilikuwa Jumanne. Alhamisi iliyopita, saa tatu kasoro robo asubuhi, msichana wa miaka ishirini na miwili aitwaye Eustadia Masolwa, mwanafunzi wa kilimo mwaka wa pili, alikufa kwa umeme ndani ya chumba hiki, maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Unyanyembe. Jumamosi alizikwa kwao Bukene. Koplo aliyewahi siku ya tukio aliipiga picha ndoo, akaupiga picha mwili uliolala kando ya ndoo, akaandika maelezo ya Dakta na ya mfanya usafi, akaondoka. Mkuu wa upelelezi wa mkoa alikuwa ameshaandika neno "ajali" kwa penseli juu ya jalada. Kazi ya Minza, alivyoambiwa, ilikuwa kulipitia neno hilo kwa kalamu.

Lakini Ijumaa Minza alikuwa amekwenda mochwari, akamwona marehemu kwa macho yake. Ndiyo maana neno lilikuwa bado la penseli.

"Nieleze tena, Dakta. Taratibu."

Dakta Leodgar alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya ubao. Yeye ndiye mkuu wa maabara, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya chuo. Hita za koili zimepigwa marufuku, mabwenini na madarasani. Kila muhula wanafunzi wanatangaziwa. Kila muhula wanazinyang'anywa. Marehemu aliingia mapema kabla ya wenzake, akachomeka hita aliyokuja nayo, akatia mkono majini kuona kama yamepata moto. Basi.

"Maji ya nini?"

"Ya chai, ya kuoga, nani anajua? Hawa watoto hawasikii, mama."

"Alitia mkono majini," Minza alirudia. "Vidole vyake vinne vya kulia vilikuwa na mstari mmoja wa kuungua, upande wa ndani. Ukiunyoosha mkono, mstari unakatika vipande. Ukiukunja kama umeshika kitu, unaungana. Alikuwa ameshika mpini wa nini?"

"Mimi ni mtu wa udongo. Mambo ya umeme waulize watu wa umeme."

"Nimemleta. Mzee Bernardo, karibu ndani."

Mzee aliyeingia alikuwa amevaa ovaroli iliyofuliwa mpaka rangi yake haijulikani tena. Miaka thelathini na minne alikuwa fundi umeme wa karakana ya reli, na tangu astaafu alikuwa akifuga nyuki. Mtaalamu wa serikali alikuwa ameahidi kufika baada ya wiki mbili. Minza hakuwa na wiki mbili.

"Shikamoo, mzee," Dakta alisema.

"Marahaba." Bernardo aliweka boksi lake la vifaa sakafuni, akachuchumaa mbele ya ndoo, na kwa muda mrefu hakugusa chochote. Kisha aliinua hita kwa kipande cha kitambaa na kuigeuza. "Mama, hebu ona hapa."

Juu ya shingo ya waya palikuwa na kipande cha utepe wa karatasi, kimechanika nusu. Herufi na tarakimu zilizobaki zilikuwa za kalamu ya wino: B 14.

Dakta alisogea karibu. "Hata simu zao wanaziandika majina."

"Eustadia alikaa bweni gani?" Minza aliuliza.

"Sikumbuki. Wanafunzi ni wengi."

Minza hakumsaidia kukumbuka. Aliitia hita kwenye mfuko wa plastiki, akaandika saa na tarehe, akampa Dakta asaini kama shahidi. Dakta alisaini haraka. Minza akauelekea ukuta wa pili, kulikokuwa na kabati la bati lenye urefu wa kifua cha mtu, mlango wake mzito una mpini mrefu wa chuma.

"Na hii?"

"Oveni ya kukaushia udongo. Haihusiki."

"Koti jeupe la marehemu lilikuwa na udongo mweusi kifuani. Ule wa mbugani, unaonata. Mtu anayechemsha maji ya chai anaupata wapi?"

"Hapa ni maabara ya udongo, Inspekta."

"Ndiyo. Mzee, fungua plagi ya oveni."

Bernardo alitoa bisibisi. Plagi ilikuwa nyeusi, nene, ya miguu mitatu. Alifungua skrubu moja tu iliyoshika kifuniko, akakiondoa, akamwonyesha Minza bila kusema. Ndani nyaya mbili zilikuwa mahali pake, wa kahawia na wa bluu. Wa tatu, wa kijani chenye mistari ya njano, ulikuwa umekatwa, ukakunjwa nyuma na kuviringishwa utepe wa umeme wa bluu.

"Huu ni waya wa ethi," Bernardo alisema. "Huo wa kahawia unaleta umeme, wa bluu unaurudisha. Wa kijani siku zote hauna kazi. Siku moja tu ndiyo una kazi, siku umeme unapotoroka na kulishika bati. Siku hiyo unaudaka, unaupeleka ardhini, na breka ukutani inakatika. Mtu anabaki anatukana giza, lakini yuko hai."

"Na ukikatwa?"

"Breka haikatiki tena. Oveni inawaka vizuri, inapata moto, kila mtu anafurahi. Ila bati lote limegeuka kuwa waya." Aligusisha ncha moja ya kipimo chake kwenye mguu wa plagi na nyingine kwenye mpini wa mlango. Mshale uliruka mpaka mwisho. "Koili imeanguka ndani, imelalia bati. Yeyote aliyeshika huu mpini akiwa amekanyaga sakafu mbichi, amekwisha."

"Kuna swichi nyingine inayozuia hayo," Dakta alisema ghafla. "Zile za kisasa."

"Zipo, mwanangu. Nimepita kwenye boksi lenu la breka, pale ukumbini, nikaitafuta. Nafasi yake ipo, imezibwa kwa kadibodi."

Minza alimtazama Dakta. Dakta alikuwa akiitazama kadibodi ambayo haipo mbele yake.

*

Mfanya usafi wa jengo aliitwa Magreth, mwanamke wa makamo aliyeajiriwa na kampuni ya usafi kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Minza alimkuta nyuma ya jengo, kwenye bomba, akikamua deki. Alipomwona askari alinyooka, akajifuta mikono kwenye kanga kwa muda mrefu kuliko maji yaliyokuwamo mikononi.

"Shikamoo, dada," Minza alisema, maana Magreth alionekana kumpita kwa miaka kadhaa.

"Marahaba, afande. Mimi nilishaandikisha maelezo."

"Nimeyasoma. Umesema ulimkuta amelala kando ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji kiasi gani?"

"Yalijaa."

"Yalikuwa ya moto?"

Magreth aliirudia deki, akaikamua tena.

"Dada Magreth, picha inaonyesha ndoo imejaa mpaka ukingoni, na pembeni yake sakafu kavu. Mtu akipigwa na umeme mkono ukiwa ndani ya ndoo, mkono hauchomoki kama sindano. Anaanguka nayo. Tone moja halikumwagika?"

Bomba lilikuwa likivuja. Magreth aligeuka kulikaza, lakini liliendelea kuvuja.

"Mimi nina mkataba unaoisha mwezi huu," alisema.

"Najua."

"Aliniambia, dada, wewe umeona ndoo. Nikamwambia sijaona ndoo. Akaniambia, ukitulia utakumbuka umeiona."

"Dakta?"

Alitikisa kichwa kukubali. Kisha maneno yakatoka kwa mfululizo, kama yalikuwa yamesimama mlangoni tangu Alhamisi. Alikuwa amepiga deki maabara nzima saa mbili na nusu. Eustadia alikuja na trei ya bati yenye udongo, akamsalimia, akavua viatu mlangoni ili asichafue sakafu iliyopigwa deki. Magreth alikuwa ukumbini aliposikia trei inaanguka. Alirudi akamkuta msichana amesimama wima mbele ya oveni, mkono kwenye mpini, mwili wote unatetemeka na sauti haitoki.

"Nilitaka kumshika. Sijui Mungu gani alinizuia. Nikamsukuma kwa mpini wa deki, wa mti. Nikamsukuma mara tatu ndipo akaachia. Akaangukia udongo wake."

"Ukakimbia kumwita nani?"

"Dakta. Ndiye aliyekuwapo. Akaniambia nikae nje nisimruhusu mtu kuingia. Nikakaa. Aliponiita tena, msichana alikuwa kule kwenye sinki, ndoo ipo, na udongo umefagiwa." Alianza kulia bila sauti. "Alivua viatu kwa ajili ya sakafu yangu, afande. Angekuwa na viatu vyake..."

Minza alitaka kumwambia kitu cha kumtuliza. Alichokuwa nacho ni fomu ya maelezo, na alimwomba asaini kila ukurasa.

*

Ofisi ya Dakta Leodgar ilikuwa ghorofa ya juu. Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, palikuwa na tangazo: WAJIBU WA USALAMA WA UMEME KWA WATUMISHI NA WANAFUNZI. Kifungu cha kwanza kilisema mtumiaji wa kifaa ana wajibu wa kukikagua kabla ya kukiwasha. Kifungu cha pili kilisema mwenye shaka amuulize fundi. Vifungu vilifika kumi na sita, na Minza alivisoma vyote akiwa amesimama huku Dakta akimngoja aketi.

"Hita mnazowanyang'anya wanafunzi mnaziweka wapi?" aliuliza hatimaye.

"Zinatunzwa."

"Wapi?"

Dakta alifungua kabati kwa ufunguo aliouvaa shingoni pamoja na kitambulisho. Lilitoka boksi la kadibodi. Juu yake palikuwa na orodha iliyochapwa vizuri: tarehe, bweni, chumba, kifaa, saini ya mlezi wa bweni. Kila hita ilikuwa na utepe wa karatasi shingoni wenye herufi ya bweni na namba ya chumba. Minza alizipanga mezani moja moja. A 3. A 9. B 2. B 11. B 20. C 7.

"Orodha ina B 14," alisema. "Imechukuliwa Januari. Humu haimo."

"Huenda mlezi alikosea."

"Imo chini, kwenye gari langu, na saini yako iko juu ya mfuko. Ufunguo wa kabati hili anao nani mwingine?"

Dakta aliurudisha ufunguo ndani ya shati.

"Eustadia hakuwahi kukaa bwenini, Dakta. Alipanga chumba Isevya kwa mama mmoja anayeuza vitumbua. Hita ya B 14 ilitoka hapa kwako Alhamisi, kati ya saa tatu na saa nne."

"Wakili wangu..."

"Mwite. Wakati tunamngoja, nionyeshe fomu za mafunzo."

Hapo Dakta alipata nguvu kidogo. Alivuta faili la bluu, akalifungua mahali palipowekwa alama. Fomu ilisema kwamba mimi niliyetaja jina langu hapa chini nimepewa mafunzo ya usalama wa umeme, nimeyaelewa, na madhara yoyote yatokanayo na uzembe wangu ni juu yangu mwenyewe. Tarehe kumi na nne Machi. Eustadia Masolwa. Saini.

"Unaona," alisema. "Chuo kilitimiza wajibu wake. Hata kama ni oveni, alipaswa kuikagua. Kifungu cha kwanza."

Minza alilivuta faili karibu. Aliitazama fomu ya Eustadia, akaifungua iliyoitangulia, na iliyofuata, na nyingine tano. Wino mmoja. Mkia wa herufi a uliopinda kushoto, kwenye majina ya watu wanane tofauti.

"Ijumaa nilichukua maelezo ya baba yake," alisema. "Ni desturi, tunauliza mara ya mwisho kumwona mtoto ilikuwa lini. Akasema Machi. Bibi yake alifariki, akaja kwa treni tarehe kumi na moja, akarudi huku tarehe kumi na nane. Siku unayosema anafundishwa usalama humu, Dakta, alikuwa Bukene anawapikia waombolezaji."

Dakta Leodgar aliondoa miwani yake. Bila miwani alionekana mdogo, mtu aliyekosa usingizi kwa siku kadhaa.

"Ukaguzi ulikuwa unakuja," alisema. "Kila idara ilifanya hivyo. Unajua tuna wanafunzi wangapi? Unajua nina watumishi wangapi? Niliomba ile swichi ya kinga mara mbili kwa maandishi. Nikaambiwa ningoje bajeti. Nina sampuli mia mbili za udongo kutoka mashamba ya pamba ya Igunga na Nzega, na ripoti ya kupeleka Dodoma. Oveni inakatika kila baada ya dakika tano. Ningefanyaje?"

"Ungeizima."

"Mimi sikukata waya wowote!" Alipiga meza kwa kiganja, hita zikagongana. "Muulize Hilari. Muulize fundi wangu wa maabara nani alishika koleo."

Minza alifunga faili na kuliweka kwapani. "Simama, Dakta. Utakuja nami kituoni. Kuhamisha mwili, kutengeneza ushahidi wa uongo, na kughushi. Kwa kuanzia."

*

Hilari Ngassa, fundi wa maabara, alikuwa stoo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyelima utotoni. Alimwona Minza, akamwona Mzee Bernardo nyuma yake ameshika plagi iliyofunguliwa, akakaa juu ya stuli kabla hajaambiwa akae.

"Fungua boksi lako la vifaa," Minza alisema.

Hilari alilifungua. Utepe wa bluu ulikuwa juu kabisa.

"Utepe wa namna hii unauzwa kila duka," Minza alisema. "Kwa hiyo sisemi ni wewe. Nakuuliza."

"Ni mimi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu jina lake likiitwa. Bernardo aliangalia pembeni.

"Lini?"

"Jumanne alfajiri, wiki ile. Ilianza Jumatatu. Breka ilikuwa inakatika. Nikamwambia Dakta koili imekufa, oveni isitumike. Akaniambia anataka kuikuta inafanya kazi kesho yake. Nikamwambia haiwezekani bila koili mpya, na koili inatoka Dar. Usiku huo akanitumia ujumbe."

Alitoa simu, akautafuta, akampa Minza. *Kesho oveni iwe inawaka. Namna gani ni kazi yako, ndiyo maana una cheti. Mkataba wako tutauzungumza mwisho wa mwezi.*

Minza aliusoma mara tatu. Aliusoma kama atakavyousoma wakili. Mahali pote palipoandikwa hapakuwa na neno waya, wala neno kata.

"Ulijua kitakachotokea?"

"Nilijua bati litakuwa na umeme. Nikaweka mkeka wa mpira sakafuni mbele ya oveni. Nikasema nitaishughulikia wikiendi. Jumatano wakautoa mpira, sijui nani. Sikuuliza."

"Hilari, kifungu cha pili kinasema mwanafunzi mwenye shaka amuulize fundi. Kuna aliyekuuliza?"

Hilari aligeukia mlango. Nje wanafunzi walikuwa wakipita, mmoja akicheka kwa nguvu.

"Yeye," alisema. "Alhamisi asubuhi. Alikuwa ameona inakatika wiki iliyotangulia. Alinikuta hapa mlangoni na trei yake. Akasema, fundi, ile oveni imepona?"

"Ukamjibu nini?"

"Imepona."

Bernardo alivua kofia yake.

"Na ulipoona ile ndoo?" Minza aliuliza. "Wewe ni fundi. Uliijua ni uongo."

"Niliijua."

"Ukanyamaza."

"Nilishukuru," Hilari alisema. "Mungu anisamehe, afande. Nilipoiona ile ndoo nilishukuru."

Minza alikuwa amefunga watu pingu kwa miaka kumi na saba. Wengi wao hukunja ngumi bila kujua, ukawa na kazi ya kuwanyoosha. Huyu alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu, na kumngoja.

*

Saa kumi jioni mzee Masolwa alifika kituoni kuchukua vitu vya binti yake. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kandambili zenye tope. Minza alimkaribisha ofisini, akasimama kumpokea.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," mzee aliitikia, akimwita mama.

Alimwambia yote, kwa Kinyamwezi alichokuwa nacho cha Nzega na kwa Kiswahili pale maneno yalipomwishia, maana plagi na breka hazina jina lingine. Alimwambia Eustadia hakuchemsha maji. Hakuvunja sheria yoyote. Aliuliza kama alivyotakiwa kuuliza, na akajibiwa uongo. Mzee alisikiliza akiwa amepakata mikono. Neno "hakuvunja sheria" alilirudia mwenyewe, polepole, akatikisa kichwa kama anayelihifadhi ampelekee mtu.

"Wakubwa wa chuo walikuja msibani wakatuambia alikuwa mkaidi," alisema. "Mama yake alilia zaidi kwa neno hilo kuliko kwa kifo."

"Mwambie si kweli. Mwambie polisi wamesema."

"Nani atafungwa?"

Swali hilo Minza alikuwa amelizungumza na mkuu wake mchana kutwa. "Mkuu wa maabara ameshtakiwa kwa kughushi na kuficha ukweli. Kwa hayo anapewa dhamana. Kwa kifo chenyewe mkuu wangu anasema ujumbe wa simu hautoshi. Aliyekata waya ndiye atakayeshtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Huyo tunaye ndani. Ni fundi wa maabara, Hilari Ngassa."

Mzee Masolwa aliinua uso.

"Hilari mrefu?"

"Unamjua?"

"Ndiye aliyekuja na gari la maiti." Mzee alizungumza taratibu sana. "Wengine walikaa nusu saa wakaondoka. Yeye alibaki. Alichimba kaburi na vijana wetu, alishika jembe mpaka mikono ikatoka malengelenge. Kulikuwa giza uani, akatufungia taa kwa betri ya jirani, wanawake wapate kuona wanapopika. Alilala kwetu siku mbili. Anaondoka, mama yake Eustadia akamfungia kuku."

Minza aliweka kalamu chini.

"Naruhusiwa kumwona?" mzee aliuliza.

Kanuni haikuruhusu. Minza alichukua funguo akatangulia.

Hilari alikuwa ameketi sakafuni. Alipomwona aliyesimama nje ya nondo, alinyanyuka akiegemea ukuta. Hakusema shikamoo. Mzee naye hakungoja kusalimiwa.

"Tangu Jumamosi mama yake anakutaja kwenye sala za jioni," mzee alisema. "Kwa jina. Anakuombea upate kazi nzuri. Leo nikifika itabidi nimwambie aache."

Mzee alimtazama muda kidogo zaidi, si kwa hasira, kama mtu anayetafuta mahali alipomwona mwenzake. Kisha aligeuka, akamwambia Minza kwamba hataki kuchelewa treni.

Vitu vya Eustadia vilikuwa vimejaa sanduku moja la bati, na lilikuwa zito kwa vitabu. Minza alibaki ofisini kugonga muhuri karatasi za makabidhiano; mzee akalivuta sanduku kuelekea ngazini, ambako bajaji ilikuwa inamngoja. Alipofika kaunta alipishana na mtu aliyekuwa ametoka kusaini dhamana yake, mwenye shati jeupe na miwani. Mtu huyo aliona mzee anahangaika na sanduku, akasimama.

"Shikamoo, mzee wangu. Ngoja nikusaidie."

"Marahaba, mwanangu."

Walilishika huku na huku, wakalishusha ngazi tatu, wakalipandisha kwenye bajaji. Mtu yule alilisukuma mpaka ndani, akahakikisha halitaanguka njiani. Mzee Masolwa alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kusema jambo. Bajaji ikaondoka kuelekea stesheni.

Minza alikuwa amefika mlangoni na karatasi mkononi. Dakta Leodgar aligeuka, akamwona, na kitu fulani kwenye uso wa Minza kilimfanya aitazame tena barabara, ile bajaji ikiwa bado inaonekana.

"Yule mzee," alisema. "Ni nani?"

"Masolwa. Wa Bukene."

Dakta alisimama na mikono yenye vumbi la sanduku, hajui aiweke wapi.

"Amesema nini? Sikumsikia vizuri, alisema Kinyamwezi."

"Amekushukuru," Minza alisema, akarudi ndani.